Maji ya Kuoshea Mifupa

Chekeni sasa hivi mmalize kabisa, jamani, maana nikishaanza sitaki kukatizwa, na jambo lenyewe nimelificha miaka na miaka mpaka mke wangu akaja kulisikia sokoni Lindi kwa watu baki, akarudi nyumbani ananitazama kama mtu anayetazama mgeni aliyekosea mlango. Leo mnaniona na kanzu safi, nasoma, naandika, naitwa Mwalimu Athumani, mnadhani nilizaliwa na heshima hii. Wapi! Iko siku nilisimamishwa mbele ya umati, askari wa Mdachi, yaani Mjerumani, wameshika bunduki, nikanywa bakuli zima la maji machafu huku kila mtu ananikodolea macho, na huko kunywa ndiko kulikuwa nafuu.

Wakati huo nilikuwa kijana wa shule ya serikali pale Lindi. Kwetu hasa ni Kilwa Kivinje, lakini baba alinihamishia kwa shangazi baada ya vita vya Maji Maji, kwa sababu Kivinje ya siku zile ilikuwa haikaliki, kila nyumba ina matanga, na watu walikuwa wakinyongwa mchana kweupe, wake zao wamesimama pale wanaona. Kwa hiyo mimi sikuhitaji kuelezwa Mdachi akiogopa hufanya nini. Nilijua. Hilo liwekeni akilini.

Basi ikaja likizo ya kiangazi, mwalimu wetu akatuambia kuna Bwana mmoja wa Kizungu anachimba mifupa bara, kwenye kilima cha Tendaguru, anataka kijana wa shule ajifunze kazi ya kuisafisha na kuitambua. Hakumaliza kusema, mkono wangu ulikuwa juu. (Sikuwa nimeelewa ni mifupa ya nini, ila nilisikia kwamba wenzangu hawatakuwepo, na mtu akiwa peke yake hawi wa pili.) Tukaenda kwa miguu na wapagazi, njia ya vumbi na miiba, mpaka nikafika kilimani nikiwa na malengelenge na majivuno sawasawa.

Jamani, ile mifupa! Mnaposikia mfupa mnafikiria wa ng'ombe. Pale ardhi ilikuwa imejaa mifupa iliyogeuka mawe, ile ambayo siku hizi wasomi wanaiita visukuku, na mfupa wa paja mmoja ukisimamishwa unanipita kimo mimi na mtu mwingine begani kwangu. Wachimbaji walikuwa na maneno yao, huyu anasema ni jitu lililokuwa likila watu, huyu anasema ni jini, na yule Bwana wa mifupa (sisi tulimwita Bwana Mrefu, maana alikuwa akiingia hemani kama mtu anayerukuu) yeye alituambia ni mjusi. Mjusi! Watu walitazamana, nami nikatikisa kichwa kama ninayejua.

Kazi yangu ilikuwa kukaa chini ya kibanda cha makuti na vipande vidogovidogo, kuvipiga brashi, kuviosha ndani ya bakuli, kuvianika, halafu kuvigandisha kwa gundi. Na Bwana Mrefu alinifundisha jambo moja la ajabu: ukiwa huna hakika kama ulichoshika ni mfupa au jiwe tu, kiguse kwa ncha ya ulimi, mfupa unanata, jiwe halinati. Basi mimi nikawa nakaa pale siku nzima nalamba. Nalamba hiki, natupa. Nalamba kile, naweka. Watu wanapita, wananiona.

Sasa tatizo la kilima kile lilikuwa maji. Kisima hakuna, mto umekauka, maji yanabebwa kutoka bondeni, mwendo wa kuchosha, yanatiwa kwenye mtungi mmoja mkubwa, na mlinzi wa mtungi ni msimamizi wetu, Mzee Hemedi. Mzee Hemedi alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilikuwa kata moja ya maji na hotuba moja ndefu kuhusu watu wasiojua thamani ya maji. Siku yenyewe ninayosema, jua lilikuwa linachemsha ubongo, kata yangu nimekwisha kuinywa, na hotuba yangu nimekwisha kuipata. Mbele yangu liko bakuli la kuoshea mifupa. Tope limetuama chini, juu maji yametakata, yanametameta, yananiita kwa jina. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Nikajiambia, maji ni maji, na huyu mjusi kama alikuwa na najisi yoyote imekwisha kukauka kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Nikaliinua bakuli kwa mikono miwili nikapiga funda la kwanza, na la pili, na la tatu, nikafumba macho kwa raha.

"Mwalimu," sauti ikasema nyuma yangu, "unakunywa nini hapo?"

Alikuwa Bibi Somoe. Huyu alikuwa mama mtu mzima wa kijiji cha chini ya kilima, akituletea mihogo ya kuchemsha na kunde, anatembea ameinama, mkono mmoja umeshika kiuno, kwa sababu mgongo ulikuwa umemtesa tangu masika. Na katika watu wote wa pale, ni yeye peke yake aliyenipa heshima. Wachimbaji waliniita "Shule," wananituma kuni. Bibi Somoe alikuwa amesikia kwamba najua kusoma msahafu na najua kusoma maandishi ya Wazungu, basi ananiita Mwalimu na mimi sijaota hata ndevu, na muhogo wangu ananichagulia wa katikati, ule laini, hanipi mkia wenye nyuzi. Sasa mtu kama huyo nimwambie nini? Nimwambie, Bibi, nakunywa maji ya kuoshea mizoga kwa sababu naona uvivu kwenda kumwomba Mzee Hemedi? Ulimi ukakataa.

"Dawa, Bibi."

Ningeishia hapo, mpaka leo ningekuwa salama. Lakini akauliza, "Ya nini?" nami nikamtazama, nikauona ule mkono umeshika kiuno, na mdomo wangu ukajisemea wenyewe: "Ya mgongo."

Bibi Somoe akatua kikapu chake chini polepole. "Nilijua," akasema. "Nilikuwa nakuona unavilamba. Nikasema moyoni, yule halambi bure."

Akaniomba. Nikamwambia haifai kwa wazee. Akaniomba tena. Nikamwambia ni kali, Bwana atakasirika, haijajaribiwa vizuri, na kila nililosema likazidi kuifanya kuwa dawa, maana mmeona wapi dawa ya kweli isiyokuwa na masharti? Halafu akanisogelea, akashusha sauti, uso wake ukawa mwingine kabisa.

"Lakini haya siyo yale, eh? Niambie kweli."

Nilijua anauliza maji gani. Hakuna mtu wa kusini wa wakati ule ambaye asingejua.

"Wallahi siyo yale, Bibi," nikasema (na kiapo chenyewe kilikuwa cha kweli, ndiyo maana kilinitoka kirahisi). "Haya ni ya mgongo tu."

Akatwaa kibuyu chake, kilikuwa kimejaa maji safi ya kunywa aliyochota mwenyewe, akayamwaga yote mchangani mbele ya macho yangu mimi mwenye kiu, ili nimjazie maji yangu machafu. Nikamjazia.

Kesho yake alikuja kikapu kiko kichwani. Kichwani, nawaambia! Ameinuka, shingo imenyooka, mikono inaning'inia, anatembea kama msichana anayekwenda ngomani, na kabla hajafika kibandani anapiga kelele, "Nimelala! Jamani, usiku kucha nimelala!" Nilishtuka mpaka kipande nilichokuwa nikikilamba kikanidondoka. Akawaeleza wachimbaji, wapagazi, na hata mpishi wa Bwana, kwamba Mwalimu wake ana dawa.

Ningesema pale pale kwamba nilidanganya, mambo yangekwisha kwa kicheko. Lakini ikatokea kwamba siku ile hakuna aliyeniita Shule. Mtu mmoja akanipisha kivulini. Mwingine akaniuliza kwa adabu kama nimekula. Nanyi mnajua jinsi heshima inavyolevya mtu ambaye hajaizoea. Nikanyamaza, nikajinyoosha, nikaendelea kulamba mifupa yangu kwa mwendo wa kitaalamu zaidi.

Siku zilizofuata wakaanza kuja wanawake na vibuyu. Nikawa nawapa kidogokidogo, bure, na masharti (usinywe umesimama, usinywe ukiwa na hasira, masharti yalikuwa yananijia tu). Akaja mama mmoja mwenye mtoto wa kikohozi. Nikamwambia hapana, hii ni ya mgongo. Akaniuliza, "Kwani kifua si kiko upande wa pili wa mgongo?" Nikampa.

Halafu vipande vikaanza kupotea. Wale wasiopenda kupanga foleni kwangu waliona heri wajichukulie mfupa wenyewe, wakausage nyumbani. Asubuhi moja Bwana Mrefu akatoka hemani mwekundu kama embe bivu, mfupa wa kidole alioutenga mwenyewe haupo, akasimama juu ya shimo akapaza sauti, "Nani kula mfupa yangu?" Kwa Kiswahili chake kuiba na kula lilikuwa neno moja. Siku nyingine watu wangekufa kwa kucheka. Siku ile wote waliinamisha vichwa, maana kweli ulikuwa umeliwa.

Nikajiambia, kesho nitasema. Nikajiambia, nikienda zangu Lindi jambo litajifia. Mambo hayajifii, ndugu zangu.

Ilikuwa adhuhuri, watu wote wamekusanyika kungojea posho, wachimbaji, wapagazi, kina mama na vikapu vyao. Mara mazungumzo yakakatika upande wa njia, kama mtu aliyekabwa koo. Nikainua kichwa. Anakuja akida na askari wenye bunduki, na katikati yao, kamba imepitishwa mikononi, yuko Bibi Somoe.

Sijui niwaelezeeje. Nikawa naona midomo inakwenda sisikii sauti. Mama yule, na kitambaa chake cha kichwa kimemponyoka, amefungwa kamba kama mbuzi wa mnadani, na kile kibuyu chake amekishika askari.

Akida, mtawala aliyewekwa na Mdachi upande ule, alikuwa mtu wa pwani, mwenye sauti ya taratibu, na alikuwa na sababu zake: siku za vita nyumba yake ilichomwa moto na yeye akaponea porini, na tangu hapo neno maji likitajwa vibaya karibu yake anaingiwa na homa. Akasimama, akatutazama sote.

"Nimepata habari," akasema, "kwamba kilima hiki kinagawa maji."

Mama mmoja akakificha kibuyu chake chini ya kikapu.

"Watu wanakuja na vibuyu, wanapewa dawa, wanapewa na masharti. Nimeyasikia maneno haya zamani. Mara ile nilicheka. Leo sicheki." Akapiga fimbo yake chini. "Hongo ni nani hapa?"

Hongo. Hilo ndilo lilikuwa jina la wale waliopita kijiji kwa kijiji wakigawa maji ya vita, wakiwaambia watu risasi za Mdachi zitageuka maji. Wote walionaswa walinyongwa. Na mimi, Athumani, mtoto wa kulelewa na shangazi, niliyekuja kujifunza kupiga mifupa brashi, nikatambua pale pale nimesimama na kata mkononi kwamba hongo anayetafutwa ni mimi.

"Mama," akida akamgeukia Bibi Somoe, "kwa mara ya mwisho. Maji haya amekupa nani?"

"Maji yangu ya kunywa," akasema Bibi Somoe. "Nimechota mwenyewe."

"Mbona yana vumbi jeupe chini?"

"Kwetu maji yote yana vumbi."

Akanitazama mara moja tu, halafu akatazama chini, kama mtu ambaye hajapata kuniona duniani. Hapo ndipo niliposhtuka mshtuko wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza. Alikuwa ananificha.

"Basi atakwenda bomani Lindi," akida akawaambia askari. "Huko watamsemesha."

Nikataka kusema "ni mimi." Hakika ndilo nililotaka kusema. Lakini woga ulikuwa umenichanganya kichwa, nikapiga hatua mbele, nikakakamaa kama tulivyofundishwa, na kinywani kikatoka, kwa sauti kubwa, kile ambacho tulikuwa tukimpigia mwalimu wetu kila asubuhi darasani: "Guten Morgen!" Salamu ya asubuhi, ya Kidachi, saa ya adhuhuri, mbele ya mtu anayetafuta wa kunyonga. Watu wakageuka wote. Askari mmoja, maskini, kwa mazoea akaitikia.

"Wewe ni nani?" akida akauliza.

"Mimi Shule," nikasema. Jina langu mwenyewe lilikuwa limenipotea.

"Ndiye wewe hongo?"

"Hapana, Bwana Akida. Mimi ni mvivu."

Sikuwa na neno jingine. Na kwa kuwa hakuelewa, na askari wamekwisha kunishika huku na huku, ikabidi nieleze yote, tangu mwanzo, mbele ya kila mtu niliyetaka anione msomi: kwamba nilikuwa na kiu, kwamba niliona uvivu kwenda mtungini, kwamba nilikunywa maji niliyooshea mifupa, kwamba Bibi alinikuta nikaona haya, na haya yakanifanya niseme dawa, na ya mgongo niliisema kwa sababu niliuona mgongo. Kila nilipofika mwisho wa sentensi, akida alisema, "Endelea," nami nikajivua nguo nyingine.

Nyuma yangu nikasikia kina mama wananong'ona. "Ya kuoshea?" "Ya kuoshea mifupa." "Yale tuliyokunywa?" Mmoja akakimbilia kichakani mkono uko mdomoni. Yule mama wa mtoto wa kikohozi akapiga yowe, akamnyanyua mwanawe, akamkagua toka utosini mpaka nyayo kama anayetafuta mkia. Mpagazi mmoja peke yake akasema kwa ukali, "Mimi goti langu limepona, na mtu asiniambie kitu."

Kelele zile zikamtoa Bwana Mrefu hemani. Akida akamweleza. Bwana akanitazama muda mrefu sana, halafu akaenda mwenyewe mpaka kibandani kwangu, akainama, akarudi na bakuli limejaa, amelishika mbele kama sahani ya biriani. Akanipa.

"Kama dawa, sema dawa," akasema. "Kama maji mfupa, kunywa. Watu yote tazama."

Nikaelewa. Mtu hawezi kuogopa maji ambayo mpumbavu anayanywa mbele yake na hapati lolote. Nikaliinua. Ladha ilikuwa mbaya kuliko nilivyoikumbuka, yana chumvichumvi na kitu kingine sikujua ni nini, lakini nikafumba macho nikanywa funda baada ya funda mpaka nikaona maua ya buluu yaliyochorwa chini ya bakuli. Nikapangusa mdomo.

Ndipo Mzee Hemedi akakohoa. "Bwana," akasema, polepole, kama mtu anayetoa habari za msiba, "samahani Bwana. Leo yule kijana hakuosha kitu. Bakuli lile nililiazima mimi asubuhi. Nimenawia miguu."

Aliyeanza ni yule askari aliyeniitikia salamu. Alitoa sauti kama ya punda, akajizuia, ikamshinda. Halafu wapagazi, halafu shimo zima, watu wanashikana mabega, wengine wamekaa chini, na wale kina mama waliokuwa tayari kunichana kwa kucha wanafuta machozi kwa ncha za nguo zao. Akida alijikaza. Alibana midomo, akatazama mbinguni, akatazama fimbo yake, mwisho tumbo likaanza kumtikisika.

"Hongo wa miguu," akasema, na akageuka upande asionekane. "Mfungueni mama wa watu."

Nilijua zile fimbo za hamsa ishirini, ishirini na tano za Mdachi, zilivyo, nikawa nazingojea. Lakini Bwana Mrefu akasema adhabu yangu ataitoa yeye. Kutoka siku ile nisiguse mfupa. Nitabeba maji kutoka bondeni, asubuhi na jioni, mpaka likizo iishe. "Sasa wewe jua maji," akaniambia, na akarudi hemani kwake kwa kurukuu.

Mngedhani mkasa umekwisha hapo. Nami nilidhani. Askari wakamfungua kamba Bibi Somoe, akajinyanyua aondoke, akapiga hatua moja, na mbele ya macho yetu sote mgongo wake ukakunjika. Ukarudi palepale ulipokuwa kabla yangu, na zaidi. Ule uliokuwa umenyooka siku zote zile, uliobeba kikapu kichwani, ulikuwa umesikia ukweli pamoja na sisi. Akashika kiuno, akakaa chini vumbini. Hakuna aliyecheka tena.

Nikaenda nikapiga magoti mbele yake, nikampa mgongo wangu. Alikaa kidogo, nikadhani atanipiga, halafu nikasikia mikono yake imenizunguka shingo. Nikamnyanyua nikashuka naye kilimani. Na watu ni watu, tulipopita vijana wakaanza utani, "Shule kapata mke!" "Shule, mahari umelipa kwa bakuli?" na watoto wakatufuata mpaka kijijini wanapiga vigelegele. Masikio yangu yaliwaka moto. Lakini Bibi alikuwa anasema nami karibu na sikio, taratibu, na nilichosikia kilinifanya nisahau wale watoto.

"Mwanangu aliitwa Mfaume," akasema. "Alikuwa na umri kama wako. Walipokuja na yale maji alikataa, akasema mama, maji hayazuii risasi. Mimi nikamwambia usiwe mbishi, wenzako wote wamekunywa. Kibuyu nilimshikia mimi. Mkono huu."

Mkono ulikuwa kifuani kwangu, niliuona.

Nilisimama katikati ya njia.

"Twende," akasema. "Jua kali."

Nikatembea. Baada ya muda nikamwuliza, "Bibi, mbona hukunitaja?"

"Ningekutaja wakunyonge?" akasema. "Mmoja amenitosha." Halafu, tulipokaribia mlangoni kwake: "Moyo wangu ulikataa siku ile uliponiambia dawa. Lakini mgongo ulisema kunywa. Mtu mwenye maumivu hana ubishi, ndiyo maana si vizuri kumdanganya."

Nikamshusha barazani kwake. Akajiweka sawa, akafunga kitambaa chake vizuri, akanitazama. Nilikuwa nalia, na siyo kilio cha kiume cha machozi mawili, nalia makamasi.

"Nisamehe, Bibi."

"Jina lako nani hasa?" akaniuliza. "Maana Mwalimu siwezi kukuita tena."

"Athumani."

"Haya, Athumani. Kesho ukipanda na maji, pitia hapa unijazie mtungi wangu kwanza. Na uyachote juu, usinichotee tope."

Nikamjazia kila siku mpaka likizo ikaisha, naye kila siku alichungulia mtungini kabla hajaniitikia shikamoo. Mgongo wake haukupona. Nilipokwenda kumuaga alinipa mkono tu, hakunipa neno la kunituliza, na mimi sikustahili neno.

Nimefundisha watoto wengi tangu wakati huo, na najua wananiseng'enya, wanasema neno analolipenda Mwalimu Athumani ni "sijui." Wakiniuliza jambo nisilolijua, nawaambia sijui. Wakiniuliza na ninaona haya kujibu, haya yananipanda mpaka kwenye masikio lakini nasema ilivyo. Na kuhusu dawa, nimekula kiapo: mtu akija kwangu na mafua, akaniomba tangawizi tu ya kuchemsha, namwonyesha mlango wa jikoni na kumwambia akamwombe mke wangu, mimi nisimpe mtu kitu cha kunywa.